Mlango wa Nyumba ya Udongo

Mimi nimezurura nchi za watu na sijajenga hata banda la kuku, kwa hiyo sikumcheka rafiki yangu, fundi cherehani, alipoanza kujijengea nyumba ya udongo kijijini. Nilimsikitikia. Alimwahidi mkewe nyumba hiyo tangu ujana wao, na kila mwaka akasema mwakani.

"Ukizidi kunichelewesha, baba watoto, nitaingia peke yangu nikufungie nje," mkewe alikuwa akimtania.

Akafariki kabla hata nguzo moja haijasimama.

Jioni moja, rafiki yangu alirudi kuchukua ndoo aliyoisahau. Kuta zilikuwa zimeshakandikwa, na pa kuwekea mlango paliachwa wazi. Alipokaribia alisikia pa, pa, pa, kama udongo mbichi unavyopigwa kwa viganja. Akaukuta ule uwazi umezibwa kwa udongo uliolowa, limebaki tundu la kupita ngumi, na ndani giza tupu.

"Hodi," akasema. "Mama watoto, nisamehe."

Sauti ikakoma. Kisha donge la tope likasukumwa kutoka ndani, likajaza tundu, na kikasikika kiganja kikililainisha, taratibu.