Chumba Kilichofutwa Pichani

Ijumaa asubuhi mtaa wa Al-Malqa hutulia. Mabwana hulala mpaka swala ikaribie, magari hunyamaza, na dereva ambaye hajatumwa anaweza kunywa chai yake akaimaliza. Elphas, kijana wa Vihiga na dereva wa Abu Fahad huko Riyadh, alikuwa ameketi kizingitini pa chumba chake kilichobanwa kati ya lango na tangi la maji. Ndani, mashine yake ilikuwa ikifanya kazi.

Wacha niwaeleze mashine hiyo, jamani, maana ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa printa ya picha, ile kubwa yenye upana wa kitanda, inayokula karatasi ya rola na wino wa rangi nyingi. Aliinunua katika studio moja ya Al-Sulimaniyah iliyokuwa ikifungwa. Msudani aliyemuuzia alimwonya jambo moja: "Usiizime, ya akhi. Hata ukikosa wateja, chapisha chochote. Wino ukikauka ndani, halas, imekufa."

Pesa za kuinunulia zilitoka wapi? Abu Fahad alikuwa amempa wakati wa Ramadhani, zimsomeshe dadake mdogo, Valary, aliyekuwa chuo cha ualimu. Elphas alizipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu, kisha akaenda kununua printa.

"Subiri muhula mmoja tu," alimwambia Valary kwa simu. "Hii mashine itakulipia karo mpaka umalize, na bado itatujengea."

"Sawa, kaka," Valary akasema, akafunga virago akarudi nyumbani kwa mama.

Wateja hawakukosekana. Madereva walikuja, walinzi walikuja, na wanawake wa majumbani wakatuma picha zao kwa simu. Wote walitaka picha kubwa ya kutundikwa sebuleni kwao Kenya, na hakuna aliyetaka ionekane kazi. Hannah, mfanyakazi wa jumba la jirani, alijipiga akiwa kwenye kochi la madam siku madam alipokwenda harusini. "Toa hiyo ndoo iko kwa kona," alimwagiza Elphas, "na unifanye nikae nimenona kidogo." Elphas akaitoa ndoo na kumnenepesha mashavu. Kwa kazi ya kutoa ndoo hakuwa na mpinzani.

Akajichapishia na yake. Alisimama mbele ya jumba la bosi, kaegemea gari la bosi, funguo zikining'inia kidoleni. Chumba chake kilikuwa kimeingia pichani pamoja na tangi, nguo zake zimeanikwa juu. Akavifuta vyote, pakabaki ukuta mweupe na mtende. Picha ikasafiri na mwenzake aliyekwenda likizo, na mama yao, Mama Selipher, akaitundika juu ya viti vyenye vitambaa. Majirani wakaja kuitazama na kunywa chai.

Sasa nanyi wazazi mjiulize, ni nani aliyeitazama kila siku? Ni Valary. Alikula chini yake na kufagia chini yake. Muhula ulipita, ukaja mwingine, na kila alipouliza karo, kakake alisema wino umepanda bei. Msichana alitazama jumba lile ukutani moyo ukamuuma. Mtu mwenye makao kama yale anashindwaje na karo? Basi wakala alipopita kijijini akitafuta wasichana wa kwenda Saudia, hakuhitaji maneno mengi.

Ijumaa ile, chai ikiwa bado mkononi, ujumbe uliingia: "Kaka, niko Jeddah. Usimgombeze mama, ni mimi nilimwambia anyamaze. Karo nitajitafutia."

Elphas alipiga simu papo hapo. Valary alijibu kwa kunong'ona. "Nafanya nyumba mbili, ya madam na ya dadake. Mkono umechomeka na mafuta, unatoa usaha. Nikisema hospitali, ananiambia mafi hospitali, yalla kazi, yaani hakuna hospitali, haya kazini."

"Ni mtaa gani huo?"

Simu ikakatika, na alipopiga tena ilikuwa imezimwa. Ilikuwa imezimwa kesho yake, na wiki nzima iliyofuata. Elphas aliishika kwenye kila taa nyekundu, chakula hakipiti. Jeddah ni mbali, na mgeni mwenye ikama, kibali chake cha ukaazi kikiwa kwa jina la bosi, haondoki tu kazini kama anakwenda sokoni. Mtu wa kumsaidia alikuwa mmoja, Abu Fahad, mwenye jamaa tele Jeddah. Lakini kila mwezi Abu Fahad alimuuliza, "Vipi mwalimu wetu?" naye kila mwezi alijibu, "Anasoma vizuri, baba."

Basi akafanya wanalofanya watu waoga. Badala ya kumwokoa dadake, aliificha kwanza printa. Aliichomoa kwenye umeme, akaizungushia nailoni na blanketi, akaweka godoro juu. Bosi akiiona atajua zilikokwenda pesa zake, na mtu aliyekamatwa akifanya biashara nje ya kazi ya kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, hurudishwa kwao. Siku zikapita, mkono wa Valary ukioza.

Mwishowe, wakiwa njiani kwenda kwenye ghala la Al-Sulay, Abu Fahad aliuliza tena kutoka kiti cha nyuma, "Vipi mwalimu wetu?"

Elphas aliegesha gari kando ya barabara. Mficha uchi hazai, na yeye hakuweza tena kuficha. Alieleza yote, machozi yakimtoka.

"Nilikuwa nikikuuliza," Abu Fahad alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ulikuwa ukinijibu."

Kisha akatoa simu yake akaanza kupiga Jeddah. Kupitia ofisi iliyomleta msichana, jamaa zake walimpata na kumfikisha hospitali, na Elphas akaruhusiwa kwenda. Daktari alisema angeletwa mapema kidogo, mkono wote ungepona. Sasa vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki.

"Nisamehe, Valary," Elphas alisema kando ya kitanda.

Valary alimtazama. "Jamaa za bosi wako wameniambia, ati unalala kwa chumba kando ya tangi la maji. Mbona sikukiona kwa ile picha?"

"Nilikifuta."

Valary akageukia ukutani.

Elphas alirudi Riyadh akitaka kuiuza printa, apate pesa za matibabu. Aliifunua na kuiwasha mbele ya mnunuzi. Joto la chumba lilikuwa limeshaukausha wino kichwani mwa mashine, na picha ya uso aliyoichapisha kumjaribishia ilitoka mistari mitupu. Mnunuzi akaenda zake. Abu Fahad hakumpeleka polisi. Aliacha tu kumuuliza habari za nyumbani.

Valary naye alirudi Vihiga. Juma la kwanza tu, wasichana wawili wa jirani walikuja kuomba namba ya wakala. Mama Selipher akawaonyesha ukuta kwa fahari. "Huyu wangu hakuwa na bahati," alisema, "lakini mwoneni kakake."

Valary alipiga simu kwa mkono wa kushoto. "Mwambie mwenyewe," alimwambia Elphas, akampa mama simu mbele ya wasichana wale. Elphas alimweleza habari za gari, jumba na chumba alichokifuta. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni mimi nilimtuma huyu mtoto," alisema, "kila siku nikimwonyesha huo ukuta."

FUNDISHO

Enyi mlio ng'ambo, tumeni picha ya mahali mnapolala. Aibu ya chumba kidogo haiui mtu, lakini uwongo uliotundikwa sebuleni humwita mdogo wako aje aumie. Pesa ya masomo isomeshe. Nanyi wazazi, kabla ya kuwaita majirani waone picha, muulizeni mtoto ni kitu gani alichokifuta. Valary sasa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.