Kitanda cha Saba

Wodi ina vitanda sita. Sasa hiki cha saba kwenye skrini kimetoka wapi?

Fundi wa kompyuta alikodoa macho. Programu ile aliiandika mwenyewe: vibarua sita, yaani programu ndogondogo ndani ya mashine, kila mmoja anasikiliza moyo wa mgonjwa mmoja, na ole wake atakayegusa skrini moja kwa moja! Wakiivamia wote, inaganda. Kwa hiyo kibarua hupiga hodi, mwenyeji wa skrini hujibu karibu, ndipo namba ya mapigo iandikwe. Wenzake walimcheka kwa kuandika "hodi" na "karibu" humo ndani. Akawajibu kuwa adabu haijawahi kuua mtu.

"Dada, ona," nesi alinong'ona. Kila namba ya cha saba ilipopanda, ya cha nne ilishuka.

Kwenye cha nne alilala mama yake fundi.

Alifungua orodha ya hodi. Sita zilikuwa za vibarua wake. Ya saba haikuwa na mwenyewe, na programu, kwa adabu zake za kijinga, ilikuwa inaikaribisha tangu asubuhi. Hapo ikaja harufu ya nywele zilizoungua, mchana kweupe, madirisha wazi, na spika iliyozimwa ikaanza kubisha, ko, ko, ko, sawasawa na moyo wa mama, na nesi akaegemea ukuta akisema, "Jini hilo, dada, tukimbie," huku mapigo ya cha nne yakifika arobaini, thelathini na nane, thelathini na tano, na fundi akaogopa mpaka akakasirika.

"Nikimbie, mama nimwachie nani? Thubutu!"

Akafuta "karibu", akaandika "Nani?" Asiyetaja kitanda chake haingii.

Ko, ko.

Nani?

"Mimi," spika ikajibu, kwa sauti ya mama.

"Mimi ndilo jina? Toka!"

Cha saba kikafutika. Harufu ikakatika. Nesi akacheka huku machozi yanamtoka.

Mama akafumbua macho. "Mbona umemfukuza, mwanangu? Ndiye aliyekuwa ananishikia moyo."

Cha nne kikaandika sifuri.

Fundi hakungoja kuambiwa. Akapanda kitandani, akaweka viganja kifuani kwa mama, akakandamiza kwa nguvu zote.

"Nesi, ita daktari!" akafoka, jasho likimtiririka. "Moyo huu sasa ninao mimi. Anayeutaka aje tuonane!"