Kibandiko Kilichosoma Ziwa

Injini ya mtumbwi ilizimika kabla ya mvua, na mvua ilipokwisha Gisenyi haikuonekana tena. Katikati ya Ziwa Kivu wakabaki watu watatu kwenye mtumbwi: Wellars mwenye chombo, Murekatete mchuuzi wa sambaza, dagaa wa ziwani waliokaushwa kwa chumvi, kutoka Nengo, na bintiye Igihozo. Wimbi lilikuwa limechukua kafi moja na kumtegua Wellars bega. Igihozo, mwendesha baiskeli wa mashindano, akashika kafi lililobaki.

Alipiga kafi tangu asubuhi. Jua lilimchoma toka juu, na maji yakalirudisha usoni. Mkononi alikuwa na kibandiko ambacho timu yake humvalisha mazoezini. Kinanyonya jasho na kupima chumvi iliyomo: doa lake likikolea zambarau, chumvi inatoka kwa wingi. Kufika saa sita lilikuwa limekolea kabisa.

Wenye watoto wa michezo, angalieni hapa. Murekatete alichota maji ya ziwa, akamnywesha. Akalowesha kitenge, akampangusa uso, shingo na mikono. Doa likapauka. Alimshukuru Mungu, akazidi kunywesha na kupangusa, mpaka Wellars akamtania kwamba anafuga samaki.

Saa nane Igihozo alitapika maji matupu. Kafi likamtoka mkononi. Akauliza huyu mama ni nani.

"Lakini doa iko nyeupe," Murekatete alisema. "Iko muzuri."

Wellars alikitazama kitenge kinachodondosha maji juu ya kibandiko.

"Mama Igihozo, ile haisome mutoto. Iko inasoma ziwa. Chumvi yake imetoka yote, na we unamujaza maji tu. Acha kumupa."

Murekatete alifungua gunia lake la biashara. Akatafuna sambaza hadi zikalainika, akamtia binti mdomoni kidogo kidogo, kama zamani alipokuwa hajaota meno. Wellars alipiga kafi kwa mkono mmoja. Jioni wavuvi wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja waliwaona, wakawavuta hadi ufukoni, na Igihozo akabebwa mgongoni mpaka kituo cha afya.

Muuguzi aliuliza msichana alikunywa maji kiasi gani.

"Kila nilipoogopa nilimupa," Murekatete alijibu.

Kesho yake Igihozo alimtambua mama yake, akaomba chai.

Siku hizi Igihozo akirudi kutoka mazoezini, Murekatete hatazami mkono kwanza. Anamtazama machoni, anamwuliza leo ni siku gani, na anasubiri jibu.