Aliyekaa Nyuma ya Mama

"Hebu mwambie huyo wa nyuma asinipulizie shingoni," mama alisema.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia mabegani. Kwenye televisheni watu wawili walikuwa wakizungumza mezani kwa utulivu. Hakuna aliyekuwa akihema.

"Ndiyo sinema hiyo, mama. Si ulitaka sauti ya kukuzunguka?"

"Niliitaka, sikatai. Lakini huyu hana adabu. Tangu juzi yuko hapa, hajasema yeye ni nani."

Binti alicheka, akarudi kwenye cherehani yake.

Macho ya mama yalikuwa yamefifia mwaka wa pili sasa. Baada ya kushtuliwa mara kadhaa na watu walioingia kimya kimya, binti alikuwa ameweka sheria nyumbani: kila aingiaye aseme ni nani na yuko wapi. "Ni mimi, mama, niko mlangoni." Na mama, hata akiwa anasinzia, hujibu, "Karibu, kaa." Ulimi wake ulikuwa umezoea hivyo. Shida ni kwamba binti mwenyewe hakuwa akikaa. Alikuwa mshonaji, na chumba cha pili kilikuwa kimejaa sare za shule hadi dirishani. "Nina kazi, mama, nakuja," alikuwa akisema, na mashine ilikuwa ikianza kulia kabla mama hajaitikia.

Ndiyo maana alinunua zile spika. Mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma ya kiti cha mama, kando ya kiti kitupu cha wageni, na kubwa ya mdundo chini ya meza. Mama angelisikia gari likitoka kushoto na kupita mgongoni mwake, angesikia mvua pande zote, naye binti angeshona kwa amani.

Alhamisi saa kumi, jua likiwa bado kali, Fundi Waya alirudi kumalizia kazi yake. Huyu alikuwa kijana mwembamba mwenye maneno mengi kama waya wa simu, jina lake la utani likimfaa kwa yote mawili.

"Mama, salama? Ni mimi fundi, niko mlangoni."

"Karibu, kaa. Na ukae mbele, nyuma kuna mtu."

Fundi akacheka. "Nyuma hakuna kitu, mama. Hata sauti hamna."

"Hamna vipi?" binti aliuliza.

"Dada, si nilikueleza? Hiyo huduma yenu ya sinema ikiona televisheni ya zamani kama hii, inaleta sauti ya njia mbili tu. Tazama hapa chini ya jina la sinema. Ingekuwa sauti ya kuzunguka, pangeandikwa tano nukta moja. Pameandikwa? Hapajaandikwa. Leo ndiyo nimeleta kisanduku cha kuirekebisha. Hizi za nyuma, tangu nizifunge, hazijatoa hata chafya."

Binti alimtazama mama yake. Mama alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti, kama mtoto anayesikiliza wakubwa wakibishana.

"Basi ni nani aliyenisimulia sinema ya jana?" mama aliuliza.

"Alikusimulia nini, mama?"

"Picha. Aliniambia yule mwanamke amevaa gauni la kijani, amesimama dirishani, ameficha barua nyuma. Mambo ambayo mtu asiyeona hawezi kuyajua. Wewe si huwa una kazi?"

Fundi Waya hakucheka tena. Alipiga magoti nyuma ya kiti, akazichomoa nyaya za spika zote mbili, akaziinua juu ili binti azione.

"Haya. Zimekufa sasa," alinong'ona.

Ndipo ikaja harufu ya vumbi lililoloa mvua, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi, na harufu ile ikatoka kwenye spika ya nyuma upande wa kulia, ambayo kitambaa chake cheusi kilianza kutuna na kunywea, kutuna na kunywea, kama kifua cha mtu aliyelala, huku nyaya zake zikiwa bado zinaning'inia mkononi mwa fundi, na kila kilipotuna nywele nyeupe za mama zilitikisika kidogo kisogoni, na katikati ya pumzi ile ikatoka sauti, nayo ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, sauti ya binti, wakati midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Ni mimi, mama. Niko nyuma yako."

Mama akatabasamu. "Haya, leo amejitambulisha." Na kabla binti hajaufikia mdomo wa mama kuuziba, ulimi ukafanya uliyoyazoea.

"Karibu, kaa."

Kiti kitupu kilichokuwa nyuma kililia. Mto wake ukabonyea katikati, ukabaki umebonyea.

Tangu siku ile mama hakutaka chakula. Chai ilipoa, mkate ukakauka. Jirani alipokuja kumjulia hali, mama alimwambia aondoke, anamkatizia mazungumzo. Siku ya tatu binti alimleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye hakuwa na kelele wala vitisho. Alikitazama kile kiti kwa muda mrefu, akamvuta binti ukumbini.

"Ni jini wa upweke," alisema kwa sauti ya chini. "Hapigi mtu, hamkabi mtu. Anakaa naye tu. Kwanza mtu anaacha chakula, halafu anaacha watu, halafu anaacha kuamka."

"Mtoe, mganga. Nakuomba."

"Siwezi mimi. Aliyemkaribisha ndiye atakayemfukuza, kwa mdomo wake na kwa moyo wake."

Mama alikataa kwanza. Aligeuza uso kuelekea kile kiti, akasema polepole, "Huyu hajaniambia hata siku moja kwamba ana kazi."

Binti akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, akalia bila sauti. Mama alimpapasa nywele, akakuta uzi umenasa humo, akautoa.

"Nenda zako," mama alisema hatimaye. "Nina mwanangu."

Pazia likavutwa nje ya dirisha kama limepitiwa na mtu. Mto ukainuka. Harufu ikaisha. Jioni ile ile Fundi Waya alizibeba spika zote, hata za mbele, wala hakuuliza azitupe wapi.

"Pale alipokaa usipaache wazi," mganga alimwambia binti akiondoka. "Kaa wewe."

Binti akakaa. Kila alasiri alimsimulia mama picha, na alikuwa msimuliaji mbaya: alichanganya wajomba na wauaji, mara mbili alisinzia katikati ya harusi. Mama alicheka mpaka akakohoa, akala mkate wake wote. Siku tisa zilipita hivyo.

Siku ya kumi mwalimu mkuu alituma ujumbe: sare zinatakiwa kesho asubuhi.

"Leo tu, mama," binti alisema. "Nina kazi. Nakuja sasa hivi."

Alishona kola saba. Alipokuwa kwenye ya nane alimsikia mama akicheka sebuleni, akasimamisha mashine. Televisheni haikuwa imewashwa. Alikwenda mpaka mlangoni, futi mabegani, na mdomo wake ukafunguka kusema yuko wapi, lakini hakusema.

Mama alikuwa amekigeuza kiti chake. Alikuwa ameupa mgongo mlango, uso ameuelekeza ukutani, pale nyaya mbili tupu zilizobaki za spika zilipokuwa zimechomoza. Mkono wake ulikuwa ukipiga-piga mto wa kile kiti, ambacho sasa kilikuwa mbele yake, taratibu, kama mtu anayemtengenezea mgeni nafasi. Mto ukabonyea.

"Karibu, kaa," mama alinong'ona. "Umekuja kweli, au unapita tu?"

Na kutoka ukutani binti akaisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, kwa upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao.

"Nimekuja, mama. Leo sina kazi."