Waifai ya Kumrudisha Mteja

Kitu cha kwanza alichokiona kwa yule fundi ni vidole vilivyolowa mafuta, na vilimtia kinyaa.

Jengo la mafundi lilikuwa limefurika watu mchana ule. Alipenya na kompyuta kifuani, gauni lake la bluu likisuguliwa na mabega ya kila mtu, hadi kwenye meza ya kijana waliyemwita Nyaya. Nyaya alikuwa anakula viazi vya kukaanga. Kando yake kikombe cha chai kilikuwa kimeota ukungu.

"Karibu, bibie. Mgonjwa wetu ana nini?"

"Waifai haionekani. Kaka yangu kaniwekea mfumo wa Linux badala ya Windows, kasema itakuwa nyepesi, kisha kaniachia balaa. Na unawe mikono kabla hujaigusa."

Nyaya akaifuta mikono kwenye suruali. Yarabi! Alikuwa na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni, na hilo lilimuudhi zaidi.

Nyaya aliiunga kompyuta na simu kwa waya ili ipate mtandao, akashusha draiva, programu ya kuendesha chipu ya waifai, akaiunda na kuiweka. Baada ya nusu saa, majina ya mitandao yakajipanga kwenye kioo.

"Kazi yako nini?" Nyaya aliuliza.

"Naandika rekodi za mikutano. Nimeshaonywa: nikichelewa tena kutuma, naachishwa."

Wiki ya pili Linux ikajisasisha, waifai ikapotea. Akarudi. Nyaya akatengeneza, akachukua na namba yake ya simu.

"Umekula, mpenzi?" alimpigia jioni.

"Mpenzi wako nani? Kile kikombe umekitupa?"

"Nakilea. Kimeshaanza kuniita baba."

Alicheka peke yake jikoni, kisha akajichukia kwa kucheka.

Baada ya wiki tatu Linux ikajisasisha tena, waifai ikatoweka, saa moja kabla ya kutuma kazi. Alifika kwa Nyaya anahema. Mama fundi wa meza ya jirani akainamia kioo.

"Nyaya, mbona hukumwekea ile programu ya kuifanya draiva ijiunde upya kila Linux ikibadilika? Si huwa unawawekea wote?"

Nyaya akajifanya anafuta meza.

"Ulisahau?" aliuliza mwenye kompyuta.

"Mara ya kwanza nilisahau, wallahi. Mara ya pili..." Akakuna kichwa. "Nilitaka urudi."

Kumbe uchafu wa mezani ulikuwa afadhali.

"Unachochezea ni mkate wangu, mjinga wewe! Toka kitini. Mama, nielekeze, naandika mwenyewe."

Aliandika amri moja baada ya nyingine, mama fundi akimsomea polepole. Draiva ikajiunda, waifai ikarudi, kazi ikaenda, imechelewa robo saa. Simu ikalia papo hapo. Bosi.

Akaipokea, akamsukumia Nyaya kifuani. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ulichofanya. Kwa sauti."

Jengo zima likatega sikio.

"Shikamoo, bosi. Mimi fundi wake. Kuchelewa kwa leo ni kosa langu. Niliacha kazi nusu makusudi... ili arudi nimwone." Vicheko vikaripuka. Masikio yalimwiva Nyaya, lakini simu hakuiachia. "Ndiyo, bosi. Ni aibu. Ndiyo, mimi ni mpuuzi. Yeye hana kosa."

Akairudisha simu. Sauti ya bosi ikasema, "Mara hii nimekusamehe. Na huyo fundi tafuta mwingine."

Mwenye kompyuta akakata simu, akaanza kukunja waya wake.

"Nimekukera," Nyaya alisema.

"Umenichefua."

"Sasa nikitaka kukuona, nifanyeje?"

"Unauliza. Kama watu wenye akili. Kompyuta yangu inahusikaje hapo?"

Nyaya akasimama, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya mwalimu. "Jumamosi una nafasi?"

Akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila huruma hata chembe.

"Saa nane," akasema. "Na mimi ndiye nitakayechagua pa kukaa."