Jibu Kabla ya Ijumaa

Mkoba aliourusha Rosalind ulikusudiwa mlevi aliyemshika kiuno kwenye foleni ya chakula cha mchana, mtaa wa Madison, New York, mwaka 1962. Mlevi akainama. Ukatua puani kwa Desmond Tierney, kijana mtanashati wa suti ya kijivu, damu ikachuruzika hadi kwenye tai ya hariri.

"Mama wee! Umebeba mawe humo?"

"Barua mia mbili. Pole, kaka. Inua kichwa."

Desmond huyo alitengeneza matangazo ya wiski: picha ya bwana mmoja, farasi, ukungu, na jina la chupa. Basi. Rosalind Feigen, gauni la kijani, midomo myekundu, aliandika barua za kuwauzia watu bidhaa majumbani mwao, na chini ya kila barua kikaratasi cha kukata, kujaza na kurudisha.

"Picha zako zimeuza chupa ngapi?" alimtania siku ile ile.

"Nani anajua? Mimi namfanya mtu aipende chupa. Siku akiwa na kiu, mkono utaenda wenyewe."

"Unapiga ramli, mpenzi. Mimi namwambia mtu nauza nini na anijibu lini. Jumatatu najua wangapi wamenunua."

"Kama polisi!"

Wakapendana, wakagombana. Miezi minane! Sahani zilivunjika, milango ilipigwa mateke, majirani waligonga ukuta. Na ugomvi ulikuwa ule ule: Desmond hasemi anataka nini. Maua ataleta, dansi atampeleka, picha yake ataichora ukuta mzima. Neno ndoa? Thubutu!

Kisha Rosalind akaitwa kazini Chicago. Akaandika barua kwa namna aliyoizoea: "Desmond, nakupenda. Unanioa au hunioi? Weka alama, rudisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Usiporudisha, naondoka." Akaitia kwenye bahasha ya ofisini na juu yake, kwa mazoea tu, akagonga mhuri mwekundu: FUNGUA SASA HIVI.

Hapo alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Watu wa matangazo ya picha wana kiburi chao: bahasha inayopiga kelele hawaifungui. Desmond aliirarua vipande viwili bila kutazama imetoka kwa nani, huku akipiga mluzi.

Ijumaa saa sita ikapita. Simu ya Rosalind ikalia.

"Laazizi, leo twende dansi?"

"Dansi? Mwanaharamu mkubwa wewe!"

Dakika kumi baadaye alikuwa ofisini kwa Desmond, koti la safari mwilini. Kisahani cha majivu kilipita sikioni mwa Desmond, kikavunja dirisha. Chupa ya wino ikampasua kipaji cha uso.

"Hukunijibu!"

"Nikujibu nini?"

"Barua yangu!"

"Barua gani? Mimi nimeona takataka tu, bahasha ya..." Uso ukamsawajika. "Yenye mhuri mwekundu?"

"Umeitupa?"

Akamrukia kwa kucha. Wakaanguka juu ya picha ya farasi, kioo chake kikapasuka chini yao.

"Miaka kumi watu wasionijua wananijibu, Desmond! Watu wasionijua! Na wewe?" Akaangua kilio.

Desmond akamshika mikono yote miwili. "Uliniuliza nini?"

"Sikwambii. Mimi nimeshauliza. Zamu yako, na usinichoree picha. Treni yangu saa kumi."

Masikini Desmond! Tangu azaliwe hajawahi kumwomba mtu kitu waziwazi. Akapiga magoti palepale kwenye vioo, suruali ikalowa damu.

"Nataka kukuoa. Unakubali au hukubali?"

"Lini?"

"Tukajiandikishe leo."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, kabla ofisi ya ndoa haijafungwa."

Rosalind akamzaba kofi lililosikika hadi mapokezi.

"Hilo ni la kuniita takataka," akasema, kamasi na machozi vikimtoka. "Nakubali. Inuka, twende."