Mbeleko ya Pumzi

Chano, chombo bapa cha kusafirishia watu, kilitua juu ya maji kama sinia juu ya mkeka, kikateremsha ngazi zake, na watu wakaanza kushuka baharini huku wanacheka. Walishuka mafundi cherehani wa Chake, wakashuka wanafunzi wa ualimu, akashuka muuza madafu mmoja na wake zake wawili waliokuwa wakigombania miwani ya kuzamia. Kila mmoja alivaa tamvua shingoni. Lilikuwa kola laini ya kijivu, lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na lilichota hewa ndani ya maji kama linavyochota tamvua la samaki. Mtu alizamisha kichwa, akavuta pumzi kwa woga, akaona inakuja. Akavuta tena. Baada ya hapo alisahau kabisa kwamba yumo baharini, akawa anapumua kama aliyekaa barazani kwake.

Chini yao buibui wa chokaa walikuwa kazini. Hawa walikuwa mashine ndogo zenye miguu minane, kila moja ukubwa wa kiganja. Walitambaa juu ya mwamba uliokuwa umekufa zamani kwa joto la bahari, wakibandika vipande vya matumbawe hai kwa ute wa chokaa, kipande baada ya kipande, bila kuchoka wala kudai mapumziko. Kwanza mwamba ulirudisha rangi. Kisha pono wakarudi. Na pono waliporudi na majani ya bahari yakashika, wakarudi kasa.

Safari hii watu waliiita Safari ya Sahani, kwa sababu nauli yake ilikuwa sawa na sahani moja ya urojo. Chano kilikula jua tu, na ushirika wa vijiji ndio uliokimiliki. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kisiwa cha Mjawiri kilikuwa na hoteli moja ambayo uzio wake uliingia mpaka majini, na aliyetaka kumwona kasa wa Mjawiri alikuja kwa ndege kutoka mbali. Wenyeji waliingia kwa mlango wa jikoni.

Bi Siajabu aliingia kwa mlango huo karibu maisha yake yote. Leo alikuwa amekaa ukingoni mwa chano, amevaa suti ya maji ya mwili mzima na kilemba cha kanga juu yake, miguu ameikunja asiguse maji.

"Mama," alimwambia binti yake, "huyu kasa hawezi kuja juu mara moja tukamwona hapahapa?"

Mize alicheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa matamvua wa ushirika, msichana mpole wa maneno machache. Mama yake alimwita "mama" tangu alipozaliwa, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake mzaa mama, na mtu hamwiti mama yake kwa jina.

"Atakuja juu kuvuta pumzi, kisha atashuka," alisema Mize. "Wewe umeshaona migongo ya kasa tangu utotoni. Leo unakwenda kumwona uso."

"Uso wake na uwe mzuri basi. Nimemwacha Bi Time amekaa na sufuria zangu za kupikia harusi, na amenicheka mtaa mzima ukasikia. Ati, 'Siajabu, wewe ulizaliwa pwani ukaogopa hata maji ya kutawadhia!' Nikamwambia nitarudi na habari. Na nisipoingia leo, mama, Wallahi siji tena. Moyo huu nimeukusanya kwa miaka."

Mize alijua kwamba ni kweli. Wasichana wa wakati wa mama yake hawakufundishwa kuogelea. Walisafisha samaki, walichemsha pweza, walikausha dagaa, lakini bahari yenyewe waliijua mpaka magotini.

"Haya, Bi Siajabu," alisema Pandu, mtoto wa mjomba wa Mize, aliyekuwa mpokeaji wageni chanoni. "Kasa wameshapewa taarifa. Wamechana nywele."

"Wewe nyamaza. Ungekuwa kasa ungekuwa wa kwanza kuingia kwenye mchuzi, kwa uvivu huo."

Mize alimfunga tamvua shingoni. Taa ndogo ya kola ikawaka nyekundu. Alilifungua, akalifuta, akalifunga tena. Nyekundu. Alipopitisha kidole shingoni mwa mama yake kidole kiliteleza, na harufu ya mrehani na mafuta ya nazi ikapanda.

"Mama! Umejipaka mafuta?"

"Sasa ulitaka niende ugenini mkavu kama kuni? Mtu anakwenda kwa watu kwa mara ya kwanza, mwili unapauka, watasema mimi ni mtu gani?"

Pandu alijiinamia kwa kicheko mpaka akashika nguzo. Utando wa tamvua haushiki juu ya mafuta, na mafuta yenyewe ni sumu kwa matumbawe machanga. Ilibidi Bi Siajabu aoshwe kwa maji ya mtungi na sabuni ya mwani, shingo na mikono na nyayo, huku akilalamika kwamba alikuwa ameoga tangu alfajiri na sasa anaoshwa kama mwari.

Mize alifunga tamvua mara ya tatu. Shingo ilikuwa kavu, utando ukashika vizuri. Taa ikawaka nyekundu.

Hapo ndipo chano kiliposema. Kilikuwa na akili unde iliyolinda mwamba na watu waliokuwa juu yake, na kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kukataza, msiguse, msikanyage, msimfukuze kasa, watoto waliipa jina la Shangazi.

"Tamvua limeshika," ilisema Shangazi kwa sauti yake ya utulivu. "Kinachokataa ni kifua. Mapafu ya mgeni hayana nguvu ya kuvuta hewa kutoka kwenye kola. Yana masizi ya miaka mingi. Naomba kuuliza, mgeni alivuta sigara kwa muda gani?"

"Sigara!" Bi Siajabu alisimama. "Mimi? Sijapata kuishika! Hebu mwambieni huyu Shangazi wenu anitake radhi!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama alikohoa kidogo, kile kikohozi chake kifupi, ambacho Mize alikizoea kama mtu anavyozoea mlio wa mlango wa kwao. Alikuwa akikisikia kila siku na hakuwahi kukisikia.

"Ni moshi wa jikoni," alisema Mize polepole. "Wa hotelini."

"Moshi gani? Kila mtu anapika."

"Lakini majiko ya umeme yalikuwepo, mama. Yalikuwepo hata kwenye nyumba za wafanyakazi."

Bi Siajabu alikaa tena. "Yalikuwepo. Wageni walipenda pweza anukie moshi. Wakisema ndiyo ladha ya kisiwa. Kwa hiyo meneja akabakisha makumbi ya nazi na kuni, akajenga jiko kwa ndani ili moshi usiwafuate mezani." Akatikisa kichwa. "Wakirudi kutoka majini wamelowa, nikiwauliza, mmeona nini? Nikifikicha macho nikisubiri wanijibu." Akaanza kufungua kilemba. "Basi. Mwenyezi Mungu hakuandika. Nirudisheni kwa sufuria zangu, Bi Time acheke amalize."

Mize alimtazama mama yake akifungua kile kilemba. Hakuwa mtu wa kubishana. Hata mashine alizitengeneza kwa kunyamaza. Lakini sasa alikwenda kwenye kabati la vyombo, akarudi na mkanda mpana wenye mrija mfupi.

"Shangazi," alisema, "nataka kutumia mbeleko."

Mbeleko ilikuwa ya watoto wachanga, wasioweza kuvuta hewa wenyewe. Mama alimfunga mtoto mgongoni, mrija ukatoka kwenye tamvua la mama mpaka kwenye kinywa cha mtoto, na kila mama alipopumua, pumzi yake ilimsukumia mtoto hewa. Mmoja alipumua kwa ajili ya wawili. Mama akitulia, mtoto alitulia. Mama akihangaika, wote wawili walipandishwa juu.

"Mbeleko ni ya mama na mtoto," ilisema Shangazi. "Naomba kujua nani ni mama."

"Hapo usiulize," alisema Pandu. "Kwa hawa wawili utachanganyikiwa mpaka kesho."

"Mbeleko haijajaribiwa kwa mtu mzima," Shangazi iliendelea. "Kifua kikubwa kinahitaji hewa nyingi."

"Haijajaribiwa," alikubali Mize. "Na mimi ndiye fundi. Kanuni inaniruhusu kujaribu kifaa hapa kando ya ngazi, kwenye maji ya kifuani, wewe ukituangalia. Ukiona taa ya kijani, tunakwenda. Ukiona nyekundu, tunapanda na sitauliza tena."

Shangazi ilipima tena vifua vya wote wawili. "Jaribu," ilisema.

Kwa hiyo Mize alisimama kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, na Pandu akamsaidia kumfunga Bi Siajabu mgongoni kwake. Wake wa muuza madafu, waliokuwa wameibuka kubadilishana miwani, walisahau ugomvi wao, wakashangaa. Yule mdogo akapiga kigelegele.

"Nitakuvunja mgongo, mwanangu," alinong'ona mama. Hakusema "mama" safari hii.

"Majini huna uzito. Shika mabega. Twende."

Walizama. Mize alivuta pumzi, na mara moja akahisi kifua cha pili nyuma yake kikidai. Akavuta kwa haraka zaidi. Alifikiri: nikikosea, mama atameza maji. Moyo ukamwenda mbio, hewa ikaja kwa vipande, na kwenye ukingo wa miwani yake taa ikawaka nyekundu. Sekunde chache zaidi na Shangazi ingewainua.

Ndipo alipohisi kiganja cha mama yake begani. Kilikuwa kikimgonga taratibu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mwendo aliokuwa akiujua kabla hajajua kuongea. Ulikuwa mwendo wa kukuna nazi. Alikumbuka amekaa juu ya mbuzi, miguu haifiki chini, na mama akimwambia: usiikimbilie nazi, utajikuna vidole. Ipe muda, itashuka yenyewe.

Alivuta pumzi kwa mwendo wa kile kiganja. Mbele. Akaitoa. Nyuma. Kifua cha nyuma yake kikajaa, kikapungua, kikajaa. Taa nyekundu ilififia, ikawa ya manjano, na kisha, kama ndimu mbichi, ikawa kijani.

"Pumzi ya wawili inatosha," ilisema Shangazi masikioni mwao. "Karibuni mwambani."

Walielea juu ya bustani ya matumbawe, mengine kama sahani zilizopangwa, mengine kama pembe za paa, na katikati yake samaki wadogo wa buluu waliruka kama cheche. Viti vya pweza vilikuwa vimelala mchangani, vyekundu, kila kimoja na ncha zake tano. Pono aling'ata jiwe, na wakasikia kabisa meno yake yakilia, kwacha, kwacha. Mkono wa Bi Siajabu uliacha kugonga, ukaanza kuonyesha. Kule! Na kule! Mize aligeuka alikoelekezwa, kama punda anayeendeshwa na mtoto.

Kasa alikuwa kwenye majani, kwenye kina kifupi. Alikuwa mkubwa, gamba lake limeota ukungu wa kijani, na alikuwa anakula. Aling'oa majani, akatafuna, akafumba macho kidogo, akang'oa tena. Hakuwaogopa. Aliinua kichwa, akawatazama wale viumbe wawili waliobebana, kwa uso wake wa mikunjo na macho meusi yenye maji. Bi Siajabu alimtazama. Walitazamana vile kwa muda, kisha kasa akarudi kwenye chakula chake.

Na ndipo Mize alipohisi mgongo wake unatikisika. Aliogopa kwamba ni kikohozi. Kumbe mama yake alikuwa anacheka. Kicheko kilipita kwenye mrija, kikaingia kifuani mwa Mize kama hewa nyingine, naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Walipoibuka kando ya chano, Bi Siajabu alitema mrija na kusema mara moja, kabla hata ya kufuta uso:

"Anatafuna kama Bi Time! Vilevile! Anafumba macho kama ndiye aliyepika!" Akakohoa, akacheka, akakohoa. "Mama, wale wageni hawakujua kusimulia. Miaka yote ile nawauliza mmeona nini, wananiambia, 'Pazuri sana.' Pazuri! Hawakusema kwamba jiwe linaliwa likilia. Hawakusema kwamba ana kope."

"Sasa utasimulia wewe," alisema Mize.

"Sisimulii. Jumapili namleta Bi Time aone mwenyewe. Na Bi Mkasi, na Hidaya wa maandazi. Wote tulikuwa jiko moja."

Wote walikuwa jiko moja. Mize alielewa maana yake, na furaha yake ikaingiwa na uzito kidogo, kama nguo inapolowa. "Mama, mgongo wangu ni mmoja."

"Kwani wao hawakuzaa? Kila mmoja na abebwe na wake." Alimgeukia Pandu aliyekuwa akiwapokea juu ya ngazi. "Na wewe, mama yako naye alikuwa jiko lile, tena mnene. Anza mazoezi leo."

"Shangazi," alisema Pandu akiangalia juu, "hakuna kanuni ya kunikataza?"

"Sijaiona," ilijibu Shangazi.

Mize alikanyaga kidato cha kwanza. Ndani ya maji mama yake hakuwa na uzito hata wa unyoya. Lakini maji yalipoteremka mabegani, kisha kifuani, kisha kiunoni, uzito ulianza kurudi kidogo kidogo, mikono, kifua, miguu, vyote vilivyosimama mbele ya lile jiko. Alisimama pale katikati ya ngazi, maji yakiwachuruzika wote wawili.

"Nishushe sasa, mama," alisema Bi Siajabu. "Utachoka."

"Bado kidogo," alisema Mize.